Waya Kwanza, Hewa Baadaye

KULIKUWA na wakati ambapo intaneti ilihesabiwa kuwa anasa ya watu wachache wa mjini. Wakati huo umepita. Leo mfanyabiashara wa Bukombe anayetaka kulipa ada ya Serikali hupewa kwanza namba ya malipo inayotoka katika mtambo wa kompyuta. Mzabuni wa Kahama haombi tena kazi ya Serikali kwa bahasha iliyopigwa lakiri, bali kwa mfumo wa NeST ulioanza kutumika mwaka 2023. Naye kijana wa Katoro aliyemaliza kidato cha sita huomba mkopo wa chuo kikuu akiwa ameinamia kioo cha simu, na tarehe ya mwisho haimsubiri hata kama mtandao umesimama.

Hatuna ugomvi na mabadiliko hayo, maana yamepunguza foleni na yamewaondolea wengi adha ya kwenda na kurudi maofisini. Lakini tumeona jambo moja ambalo halizungumzwi. Minara ina wasemaji wake. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ulioanza kujengwa mwaka 2009, unao wasemaji wake pia, na hotuba juu yake hazikosekani. Ila hatua mia za mwisho, yaani zile za kutoka mlangoni mwa nyumba, zahanati au shule mpaka katika chumba anachokaa mtumiaji, hazina msemaji. Leo tunataka kuzisemea, kwa kuwa aghalabu ndiko intaneti inakopotelea.

Tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe. Nyumba yetu mjini Geita ni ya tofali za kuchoma, ina vyumba vingi vilivyofuatana, na nyuma yake, ng'ambo ya ukumbi, ipo sehemu ya vyumba vya uani ambamo watoto hulala na kusoma. Tulipofikishiwa intaneti ya faiba, sebuleni ilikuwa nzuri, lakini uani haikufika. Tukashauriwa kununua vifaa vitatu vinavyouzwa pamoja, ambavyo hupokezana mawimbi ya waifai bila waya. Wenye biashara huuita mpango huo kwa neno la kigeni linalomaanisha macho ya wavu, na mvuvi yeyote wa Nkome angeuelewa mara moja: kila kifaa ni fundo, na fundo hushikana na fundo jingine mpaka nyumba nzima ikawa imefunikwa.

Tulikitundika kimoja sebuleni, kimoja ukumbini, na cha tatu uani. Alama za mawimbi katika simu zikajaa chumba kwa chumba. Tukafurahi, tukajipongeza. Jioni ilipofika, watoto wakaanza kulalamika kwamba somo la picha linasimama kila baada ya dakika moja na kwamba ukurasa wa mtihani haufunguki. Sisi tukazitazama zile alama zilizojaa, tukawaambia kuwa wanasingizia. Kisha tukaigeukia kampuni iliyotuuzia intaneti, tukaipigia simu kwa hasira, tukaituhumu kwamba inatuibia.

Fundi aliyekuja alikuwa kijana mdogo. Hakubishana nasi. Alitoa kebo mfukoni mwa begi lake, akaunga kompyuta moja kwa moja na kifaa cha sebuleni, na mtandao ukaenda kasi kama tulivyolipia. Akaenda uani, akapima tena bila waya, na kasi ikawa imeanguka hata ikawa aibu kuitaja.

"Mzee," akasema kwa adabu, "maji kisimani yapo tele. Ndoo ndiyo inayovuja njiani."

Siku ya pili alitandaza kebo moja kutoka sebuleni mpaka ukumbini na nyingine mpaka uani, akaviunga vile vifaa vilevile kwa waya. Hatukununua kifaa kingine, wala hatukuongeza malipo ya mwezi. Malalamiko ya watoto yakaisha jioni ileile, na sisi tukabaki na deni la kuwaomba radhi, wao pamoja na ile kampuni.

Yafaa ieleweke ni kwa nini mambo yalikuwa hivyo, maana asiyejua sababu atarudia kosa. Waifai ni redio. Katika redio, watu waliomo katika chaneli moja ni kama wanakijiji katika mkutano: anaposema mmoja, wengine hawana budi kunyamaza, la sivyo maneno hugongana na hakuna anayesikilizana. Kituo cha ukumbini kilipopokea habari kutoka sebuleni, kilikuwa hakina budi kuirudia tena hewani ili ifike uani, na cha uani kikairudia mara ya tatu ili imfikie mtoto. Neno moja limesemwa mara tatu katika mkutano uleule. Ikiwa vituo vyote vinatumia chaneli moja, rudio la kwanza hushusha mwendo hadi nusu, na la pili hadi theluthi, hata kabla ya kuhesabu kuta.

Nazo kuta zina hesabu yake. Mawimbi ya gigahezi 5 hubeba mengi, lakini ukuta mnene wa tofali au wa zege huyadhoofisha upesi. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya zaidi, ila hubeba kidogo, na katika mji wenye nyumba zilizobanana hugombaniwa na majirani wote. Bati huyarudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Tangi kubwa lililojaa maji huyameza. Kwa hiyo nyumba yetu ya kawaida ya Kanda ya Ziwa, yenye tofali za kuchoma, milango ya chuma, paa la bati na tangi la maji pembeni, ni kama imejengwa makusudi kuizuia redio.

Jambo kubwa kuliko yote ambalo tungependa msomaji alikumbuke ni hili: zile alama za mawimbi katika simu hukuonyesha nguvu ya mawimbi yanayokufikia kutoka katika kituo ulichojiunga nacho tu. Hazikuambii lolote juu ya hali ya njia iliyo nyuma ya kituo hicho. Mtu anaweza kuwa amesimama kando ya bomba jipya linalong'aa, kumbe bomba hilo limeungwa na mpira uliotoboka.

Huenda msomaji wa visiwani akadhani kwamba haya ni mambo ya watu wa bara wenye faiba. Sivyo. Elimu yenyewe ya mitandao ya aina hii ilizaliwa visiwani. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Hawaii, bwana mmoja aitwaye Norman Abramson na wenzake walianzisha mtandao wa ALOHAnet uliounganisha kompyuta za visiwa mbalimbali kwa redio. Shida yao ilikuwa ileile tunayoijua sisi: bahari ilikuwa katikati, na simu za waya za wakati huo zilikuwa ghali na hafifu. Walifaulu, lakini waligundua pia kasoro. Vituo viliposema bila kusubiriana, habari ziligongana mno, hata hesabu zikaonyesha kwamba kwa utaratibu ule wa kwanza isingewezekana kufaidi zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wa chaneli.

Kijana mwingine wa Kimarekani, Robert Metcalfe, aliisoma kazi hiyo ya Hawaii, na mwaka 1973, akiwa katika maabara ya kampuni ya Xerox huko California, akabuni pamoja na wenzake mtandao wa Etheneti, uliochukua fikra ya redio ya visiwani na kuitia ndani ya waya. Kebo za mtandao tunazozinunua leo madukani Kahama na Geita ni wajukuu wa kazi hiyo. Tangu hapo waya na hewa vimekuwa ndugu wawili wenye kazi mbalimbali: waya hubeba mzigo mkubwa kwa masafa, na hewa hukamilisha hatua chache za mwisho mpaka mkononi mwa mtu.

Nasi watu wa ukanda wa dhahabu hatuhitaji kwenda Hawaii kulishuhudia hilo. Mgodi wa Bulyanhulu, ulioanza uzalishaji mwaka 2001, huchimbwa chini kwa chini. Mwamba hauruhusu redio ya kawaida kupenya kutoka juu mpaka kilindini. Katika migodi ya namna hiyo duniani, njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni kutandaza kebo kando ya mahandaki. Iko hata kebo maalumu ambayo ganda lake limeachwa na mianya ili mawimbi yavuje kidogo kidogo njia nzima na kumfikia mchimbaji mwenye redio kiunoni. Wahandisi hao hawakurundika vituo vya redio vipigiane kelele kwenye mwamba, bali walipeleka waya mpaka karibu na mtu, ndipo wakaiachia hewa kazi iliyobaki. Nyumba ya mwananchi ni mgodi mdogo wenye kuta badala ya mwamba, na kanuni ni ileile.

Basi mwenye nyumba afanyeje? Tutaeleza kwa ufupi, kwa lugha ambayo fundi na mwenye nyumba wataelewana.

Kwanza, achague mahali pamoja penye kivuli na pakavu pa kukusanyia mambo yote: kifaa kinachopokea intaneti kutoka nje, ruta, na swichi ya kugawia nyaya. Kila kituo cha waifai kivutiwe kebo yake kutoka hapo, kama matawi yanavyotoka katika shina. Kebo hizo za shaba zisizidi mita 100 kila moja, maana huo ndio mpaka wake. Tena zisifungwe zikawa duara, kwa kuunga ncha mbili za kebo moja katika swichi ileile au kuvirudisha vituo viwili vikutane, kwani habari huzunguka bila kikomo na kuuziba mtandao wote.

Pili, ruta moja tu ndiyo iwe na kazi ya kugawa anwani kwa simu na kompyuta. Vifaa vingine viwekwe katika hali ya kuwa vituo vya waifai tu. Tumeona nyumba ambamo ruta mbili zinagawa anwani kwa pamoja, kila mmoja akijiona ndiye mwenye nyumba, na wageni wasijue wamsalimie nani.

Tatu, vituo vyote vipewe jina moja na nywila moja ili mtu atembee toka sebuleni hadi uani bila kujiunga upya. Lakini chaneli zitofautiane. Katika gigahezi 2.4, zile zisizoingiliana ni namba 1, 6 na 11, na yafaa vituo vinavyokaribiana vigawiwe hizo. Tena nguvu za vituo zisiachwe juu kabisa. Kituo kinachopiga kelele nyumba nzima humshawishi mwenye simu aking'ang'anie hata akiwa amekwisha kukiacha mbali, ilhali kingine kiko kichwani mwake.

Nne, mnunuzi awe macho dukani. Ziko kebo zinazouzwa kwa jina la shaba, kumbe ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwarua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Kebo ya namna hiyo hukatika upesi, haifiki mbali, na ikipitishiwa umeme hupata joto kuliko inavyostahili.

Na umeme hupitishwa, jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2003, kebo ileile ya mtandao huweza kubeba umeme mdogo, wati 15 hivi katika chanzo chake, unaotosha kukiendesha kituo cha kawaida kilichotengenezwa kwa utaratibu huo. Faida yake kwetu ni kubwa. Badala ya kutafuta soketi katika kila chumba, na badala ya kila kituo kuzimika kwa wakati wake, betri moja inayochajiwa na sola huwekwa pale penye swichi, na umeme wa gridi unapokatika nyumba nzima hubaki hewani. Wavu usio na waya hauwezi kutoa faida hiyo, kwa sababu kila fundo lake hutaka soketi yake.

Hatusemi kwamba vifaa vya kupokezana kwa hewa havina mahali pake. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta wa mwenye nyumba atavitumia, na vile vyenye redio ya ziada kwa ajili ya mazungumzo yao wenyewe ni afadhali. Ila naye asivipange kwa mnyororo. Kituo cha pili kikisikie cha kwanza waziwazi, na rudio liwe moja tu.

Hapa tunamgeukia ndugu yetu wa Shinyanga, ambaye mji wake wa nyumbani haufanani na nyumba ya Geita. Katika vijiji vya Shinyanga na Kishapu familia hukaa katika kaya pana, nyumba zikitazamana kuuzunguka uwanja. Shida yake si kuta, ni masafa. Akisikia tunasifu waya, atataka kunyoosha kebo ya shaba kutoka nyumba ya mzee mpaka nyumba ya kijana, akiifunga juu ya mti ulio katikati. Tunamsihi asifanye hivyo.

Nchi yetu hii inayolizunguka Ziwa Viktoria ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na radi kwa wingi. Wananchi wa Bukombe hawahitaji kuambiwa. Mwezi Januari mwaka 2025 radi iliwaua wanafunzi saba wa Shule ya Sekondari Businda wilayani humo, na wengine wengi wakajeruhiwa. Si mtandao uliowaua watoto wale, wala hatupendi kuutumia msiba wao kama mfano wa mambo madogo. Tunachosema ni kwamba katika nchi ya radi, anayenyoosha chuma angani kutoka jengo moja hadi jingine anafungua mlango asioweza kuufunga. Radi ikianguka hata jirani tu, nguvu yake hurukia katika waya mrefu na kuingia ndani pande zote mbili, mpaka katika kompyuta ambayo mtoto ameishika.

Kati ya jengo na jengo, kwa hiyo, itumike faiba isiyo na chuma ndani yake. Faiba hubeba nuru, haibebi umeme. Huhitaji kigeuzi kidogo kila upande, na mpaka wa mita 100 hauihusu. Ifukiwe ndani ya bomba la plastiki, ikiwa imepita mbali na jembe. Kila jengo liwe na waya wake wa kuingiza umeme ardhini uliofungwa na fundi mwenye leseni, si kishoka wa barabarani. Na mawingu yanapokusanyika, watu wakae mbali na vyombo vilivyoungwa na nyaya. Hakuna kifaa kinachoweza kuahidi usalama kamili dhidi ya radi inayopiga moja kwa moja, na anayekiuza kwa ahadi hiyo anadanganya.

Tukitoka katika kaya ya Shinyanga tukaenda mpaka ufukweni Nkome, tukapanda mtumbwi wa injini kuelekea Izumacheli au Maisome, tutakuta kwamba hesabu hii ya nyaya imebadilika uzito. Mtu wa mjini mtandao wake ukikwama, hupanda bodaboda hadi kwa jirani. Mtu wa kisiwani mtandao wa ofisi ya kata ukikwama, huvuka ziwa. Atavuka kwa ajili ya namba ya malipo, kwa ajili ya fomu ya mwanawe, au kwa ajili ya karatasi ambayo mtendaji angeweza kuichapa pale pale laiti ukurasa ungefunguka.

Sisi sote tunakumbuka tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na gati la Ukara na zaidi ya watu 200 wakapoteza maisha. Wengi wa abiria wale walikuwa na safari za halali na za lazima, na hakuna mtandao ambao ungewazuia. Lakini msiba ule ulitufundisha kwamba hakuna uvukaji mdogo. Tangu Juni 2025 watu wa Geita na Sengerema wanapita juu ya Daraja la Kigongo hadi Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 hivi, na tunamshukuru Mungu kwa hilo. Watu wa visiwani hawana daraja. Kila safari isiyo ya lazima tunayowaondolea ni daraja dogo tunalowajengea, na mita 40 za kebo katika ofisi ya kata huweza kuwa sehemu ya daraja hilo.

Mtandao wa visiwani nao si jambo la kuotea. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo, mtandao wa jamii ulizinduliwa mwaka 2016 na kupewa jina la Kiswahili, Pamoja Net. Na hapa kwetu, Sengerema ilikuwa na kituo chake cha mawasiliano ya jamii tangu mwaka 2001, kilichoanzishwa kwa ushirikiano ulioihusisha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, wakati ambapo miji mingi ilikuwa bado haijui kompyuta ni nini. Fikra ya kushirikiana mtandao tumekuwa nayo zamani. Tulichokosa ni uangalifu wa hatua mia za mwisho.

Chukua zahanati ya kisiwani. Majengo yake kwa kawaida ni matatu au manne: wagonjwa wa nje, chumba cha wazazi, stoo ya dawa, na nyumba ya mtumishi. Mawasiliano kutoka bara yakifika kwa mnara au kwa setelaiti, hutua katika jengo moja, na mwuguzi hulazimika kutembea na simu akitafuta pembe inayoshika. Zahanati hiyo ikipangwa kama tulivyoeleza, yaani faiba kati ya majengo, kebo ndani ya majengo, waifai chumbani, na betri moja ya sola nyuma ya vyote, kumbukumbu za mgonjwa zitaandikwa kitandani kwake, na daktari wa wilaya ataulizwa swali usiku bila mtu kupelekwa ziwani gizani. Nayo nyumba ya mtumishi ikipata tawi lake, mtumishi atakuwa na sababu moja zaidi ya kukubali kukaa kisiwani.

Tunayo mambo manne ya kuwaomba viongozi wetu wa mikoa, wilaya na halmashauri.

La kwanza, mabomba ya plastiki ya kupitishia nyaya yaingizwe katika michoro ya kila zahanati, shule, ofisi na nyumba ya mtumishi inayojengwa kwa fedha za umma. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Bomba linalowekwa kabla ya plasta ni gharama ndogo mno. Likisahauliwa, ukuta mpya utabomolewa kwa tindo mwaka unaofuata, au nyaya zitaning'inia kama kamba za kuanikia nguo.

La pili, fedha za vifaa zisitangulie fedha za nyaya. Si ajabu kukuta katika ofisi ya umma vituo vya waifai vyenye sura nzuri vimetundikwa dari nzima bila waya wa maana nyuma yake, na makarani wakaendelea kutumia bando za mifukoni mwao. Kila mkataba useme kwamba mkandarasi atapima kasi katika chumba cha mwisho kabisa, siyo mezani penye ruta, na kuacha ukutani mchoro unaoonyesha kila kebo inaanzia wapi na kuishia wapi.

La tatu, mtandao wa wageni utengwe na mtandao wa kazi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na siri ya mgonjwa haiwezi kulindwa ikiwa inapita katika njia moja na simu ya mpita njia mwenye nywila iliyobandikwa mlangoni.

La nne, vijana wa visiwani wapewe nafasi za kusoma kazi hii katika vyuo vya VETA na kurudi kwao. Kubana ncha ya kebo, kuipima na kuingiza umeme ardhini ni ufundi, haya ni mambo ya mikono na uangalifu. Kisiwa kisicho na fundi wake husubiri wiki nzima fundi avuke ziwa kuja kubadili kichwa cha kebo kilichoota kutu.

Kwa ndugu zetu wa visiwani na wa bara tunalo ombi moja tu. Kabla ya kununua kifaa kipya, na kabla ya kumpigia mtu simu ya hasira kama tulivyofanya sisi, unganisha kompyuta kwa waya pale intaneti inapoingilia, upime. Kisha pima katika chumba cha mwisho. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo itakayokuambia kama kisima kimekauka au ndoo inavuja.

Watoto wetu wa uani walikuwa wamekwisha kutuambia ukweli. Sisi tuliamini alama za simu kuliko maneno yao. Tungependa kuona wakuu wa halmashauri wakimwuliza mwuguzi wa chumba cha mwisho kabla ya kusoma taarifa inayosema kwamba mtandao umefika.